Pampu Imezimwa

Tik.

Kisha sauti laini ya yule mwanamke wa ndani ya spika: "Pampu imewashwa."

"Hiyo nimeisikia," alisema Shangazi, kidole kimoja kikiwa juu kama mwalimu anayengoja jibu. "Sasa zima."

Nikagusa simu yangu.

"Pampu imezimwa," alisema mwanamke wa spika.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi. Amesema imezimwa."

"Sijakuuliza yeye kasema nini. Huyo kazi yake kusema. Nimekuuliza kisanduku kimesema nini. Kuwasha kilisema tik. Kuzima hakikusema kitu. Zamani kilikuwa kinajibu."

Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yake, bisibisi mkononi, mbele ya kisanduku cheupe nilichokifunga mwenyewe ukutani miezi saba iliyopita. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimekuja kukifungua na kukichukua, kwa sababu Jumapili nyumba ingefungwa na yeye angehamishwa. Na nilikuwa nimesikia. Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana nimechoka na watu wanaosimulia makosa yao kama mvua iliyowanyeshea tu: nilisikia kabisa kwamba kisanduku hakikujibu.

Shangazi yangu ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Macho yake yamebakiza mwanga na vivuli. Ukisimama mlangoni anajua kuna mtu, hajui ni nani mpaka ukohoe. Lakini ndani ya nyumba ile anatembea kama mwenye macho manne. Hatua kumi na nne kutoka kitandani mpaka jikoni, tisa kutoka jikoni mpaka kwenye kiti chake, na stuli yoyote utakayosogeza bila kumwambia utaijibia. "Hapa naona kwa miguu," husema. "Nitoe hapa, ndipo utakapojua mimi kipofu."

Mimi ni fundi umeme. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua redio zilizokufa na kusoma kila karatasi iliyoangukia mikononi mwangu. Mtaani wananiita Injinia, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, nami nimeamua kuchukua ile nusu ya heshima na kuwaachia nyingine. Ubavuni mwa sanduku langu la vifaa nimeandika kwa rangi nyekundu:

Weka kidole iwake,
weka tena izimike.

Nilipoanza kufunga mitambo ya kuendesha nyumba kwa simu, nyumba ya kwanza ilikuwa ya Shangazi. Hakuna mwingine aliyeniamini. Nilimfungia taa, feni, na hasa pampu ya kisima, kwa sababu swichi ya zamani iko jikoni, nyuma ya mlango, na alishawahi kujikwaa akiifuata. Nikamwekea kitufe kikubwa pembeni ya kiti chake. Akibonyeza, pampu inapandisha maji kwenye tangi la nyuma. Dakika arobaini zikipita, inajizima yenyewe. Pampu yenyewe imezama chini kabisa ya kisima, ndani ya nyumba huwezi kuisikia. Swichi ya zamani niliiacha palepale kwa dharura.

Wageni wote waliambiwa. "Bonyezeni, bonyezeni," alikuwa akiwaambia. "Mwanangu huyu hakusoma chuo, chuo kilimsoma yeye."

Halafu yakaja mafuriko.

Mara ya kwanza dada yangu, anayeishi na Shangazi, alirudi kutoka kwa fundi cherehani anakofanya kazi akakuta tangi limefurika, maji yamepita chini ya mlango wa jikoni, na Shangazi amekaa juu ya meza, miguu hewani, anaita. Dada kwa kiherehere akazima kila kilichozimika: swichi kuu, swichi ya zamani, kitufe, hata redio. Nilipofika na kurudisha umeme, kila kitu kilifanya kazi sawasawa. Rekodi ya simu ilisema pampu iliwashwa saa nne kamili na ikazimwa saa nne na dakika arobaini.

Mara ya pili jirani ndiye aliyepiga kelele. Shangazi alipapasa mwenyewe mpaka kwenye swichi kuu akaiangusha, lakini njiani aliteleza. Kifundo cha mkono kikavimba wiki mbili.

Ndipo mtoto wake wa kwanza akaitisha kikao. Huyu binamu yangu tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata watu wakiwa wawili atauliza akidi imetimia au la. Ni mtu mwema. Anampenda mama yake kwa mapenzi ya kubeba: akimwona anahangaika, anataka kumwinua na kumweka mahali.

"Injinia," alinigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu. Inawezekana huo mtambo ukawasha pampu wenyewe?"

"Haiwezekani," nilijibu. "Rekodi hii hapa. Ulizima kwa dakika yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu alipita jikoni akawasha swichi ya zamani."

Watu ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, na mmoja siku zote mbili alikuwa kazini.

"Mimi sijaigusa swichi ile," alisema Shangazi. "Tangu Injinia aniwekee kitufe, kule nyuma ya mlango nifuate nini? Panya?"

Dada alicheka. Mimi sikucheka. Mimi nilisema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka ulimi unakuwa mchungu. Nilisema: "Shangazi, mitambo haisahau."

Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake. Mama angehamia kwake, kwenye chumba cha nyuma; nyumba ingefungwa; siku ni Jumapili.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye Jumatano ile. Kisanduku hakijajibu, Shangazi anangoja na kidole chake hewani.

Nilichomoa bisibisi ya kupimia na kuigusisha kwenye waya wa pampu. Taa yake ndogo ikawaka. Umeme ulikuwa unapita. Simu ilisema imezimwa, spika ilisema imezimwa, na umeme ulikuwa unapita. Nilitoka uani nikaweka kiganja kwenye bomba la tangi: lilikuwa linatetemeka, baridi, limejaa maji yanayopanda.

Nikarudi ndani. Nikageuza mpini wa bisibisi nikagonga ubavu wa kisanduku, mara moja tu.

Tak.

"Hicho nacho kimelia!" alisema Shangazi. "Sasa ndiyo kimejibu. Kimechelewa, lakini kimejibu."

"Nimegonga mimi, Shangazi."

"Na mwanzo je? Hukusikia tofauti?"

Nitawaambia nilichokuwa nacho kichwani, si kwa kujitetea. Kulikuwa na nyumba nyingine tisa zenye visanduku kama kile, kila kimoja kimefungwa kwa mikono yangu. Kulikuwa na mwenye ghorofa jipya aliyekuwa ameniahidi kazi ya vyumba kumi na viwili baada ya kuona mtambo wa Shangazi. Na kulikuwa na jina langu, ambalo nililijenga bila cheti na bila mjomba ofisini.

"Sijasikia tofauti yoyote," nilisema. "Masikio nayo yanazeeka, Shangazi."

Kidole chake kilishuka polepole mpaka kwenye paja.

"Inawezekana," alisema.

Nilifungua kisanduku, nikakitia kwenye mfuko, nikaondoka bila kunywa chai aliyoniwekea.

Nyumbani nilikiweka mezani. Ndani yake kuna ubao wenye vijumba vinane vya bluu, kila kimoja kadiri ya kiberiti kidogo. Hizo ndizo rilei: swichi ambazo hazisukumwi na kidole, zinavutwa na sumaku. Simu ikitoa amri, sumaku inavuta ulimi wa chuma, nukta mbili zinagusana, tik, umeme unapita. Amri ikiondoka, springi inarudisha ulimi, tak, umeme unakatika. Juu ya kila kijumba pameandikwa ampea kumi.

Pampu ya Shangazi inakula ampea tano. Tano ndani ya kumi. Mtoto wa darasa la pili angeniambia inatosha, na mimi nilijiambia hivyohivyo.

Nilikata kile kijumba cha pampu kwa wembe. Nukta mbili zilizopaswa kung'aa zilikuwa nyeusi kama punje za mtama zilizosahauliwa kikaangoni, na katikati yake palikuwa na uvimbe wa chuma kilichoyeyuka kikaganda. Zilikuwa zimeng'ang'aniana. Ndiyo maana springi ilivuta ikashindwa. Ndiyo maana kugonga kuliziachanisha, au kupoa, au mtu kuzima swichi kuu na kuzipumzisha. Zikiachana, kila kitu kinakuwa sawa na fundi anapata la kujivunia.

Nikatafuta karatasi ya watengenezaji. Ukurasa wa kwanza: ampea kumi, kwa herufi kubwa. Nilipoinunua niliishia hapo, kwa sababu namba ilinipendeza. Safari hii nilifungua ukurasa wa pili. Kwa herufi za kupekua kwa sindano paliandikwa: kumi kwa balbu, pasi na vitu vya kupasha moto, kwa mota, tatu.

Mota si balbu. Mota ikiwa imelala, ukiiamsha, kwa kufumba na kufumbua inanyakua mara tano au sita ya chakula chake. Pampu ya ampea tano inakurupuka na ampea thelathini, halafu inatulia, na wewe mwenye kipimo cha polepole unaiona tano. Kila asubuhi, kwa miezi saba, nilikuwa nalisha thelathini kinywani mwa kitu kinachoweza tatu.

Na nilijaribuje mtambo ule kabla ya kuufunga? Kwa balbu. Hivyo ndivyo sisi sote tunavyofanya: unafunga balbu, unabonyeza mara mia, inawaka na kuzima mara mia, unakunja vifaa na kwenda zako kwa kiburi. Balbu haijawahi kumsema fundi vibaya.

Nilikaa pale mpaka chai yangu ikafanya ngozi. Nilijipangia mpango mzuri. Ningenunua kontakta, ile swichi nene ya mota, ningezunguka kwenye zile nyumba nikisema ni matengenezo ya kawaida. Hakuna ambaye angejua. Na Shangazi? Kwa mwanawe angetunzwa, nilijiambia. Chumba kina dirisha. Kuna wajukuu. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na vina.

Alhamisi sikwenda kumwona. Ijumaa sikwenda. Jumamosi Dada alipiga simu.

"Wewe Injinia, mbona umejificha kama panzi kaona kuku? Njoo kesho kubeba kabati."

"Anaendeleaje?"

"Ameacha kupika. Anasema atasahau jiko. Jana nimemkuta amesimama mlangoni mwa chumba chake, ananiuliza kama amefunga bomba. Nikamwambia hukulifungua, Shangazi. Akasema, 'Hebu kaangalie, mimi siku hizi nasikia vitu ambavyo havipo.'"

Jumapili nilifika saa tatu asubuhi. Gari la mizigo lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume mlangoni, godoro la Shangazi tayari limo ndani, limesimama kama mtu aliyeadhibiwa. Mwenyekiti alikuwa ameshika daftari, anasoma: kitanda, kabati, sufuria saba.

"Sita," alisema Dada. "Moja umeikalia."

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, amevaa kama wa safarini, mkoba mapajani. Vitu vilikuwa vimesogezwa kila mahali. Ukumbi aliokuwa akiuvuka bila kugusa ukuta ulikuwa umejaa maboksi. Alijaribu kuinuka kwenda jikoni, hatua ya tatu akagonga boksi, akasimama. Hakulalamika. Alinyoosha mkono mbele, vidole vikipapasa hewa, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya ndani ya nyumba ile.

"Mama, kaa, nitakuletea," alisema Mwenyekiti, akamshika bega.

"Nimekaa," alisema, akakaa. Kisha, bila mtu kumuuliza: "Jamani, mimi sina kinyongo na mtu. Nilibisha siku ile kwa sababu nilikuwa na uhakika. Hata Jumatano nilikuwa na uhakika. Nilisikia kisanduku kinanyamaza, nikamuuliza Injinia, na Injinia ana masikio ya ujana, akasema hakuna kitu. Basi. Mtu akisikia lisilokuwepo, nyumba si ya kumwachia."

Alicheka kidogo, ili tusihuzunike.

Nimegombana na watu wengi maishani. Nimemrudishia maneno polisi, nimemfukuza fundi mwenzangu aliyeniita wa kubahatisha. Siku ile nilitaka mtu wa kugombana naye na hakuwepo. Mle chumbani mtu wa kupigwa alikuwa mmoja tu, nami nilikuwa nimevaa viatu vyake.

"Alisikia kweli," nilisema.

Mwenyekiti aliinua macho. "Nini?"

Niliingiza mkono mfukoni nikatoa kile kijumba cha bluu kilichopasuliwa, nikakiweka juu ya daftari lake. "Hiki ndicho kilichofurisha maji. Shangazi hakuigusa swichi ya zamani. Mtambo ulipewa amri ya kuzima, haukuzima. Chuma kimeyeyuka kikashikana. Tazama."

Alitazama. Akakileta karibu na pua. "Lakini simu iliandika imezimwa. Wewe ulituonyesha."

"Simu inaandika ilichoagiza. Haijui kilichotendeka. Hakuna waya unaorudi kuiambia. Yule mwanamke wa spika naye ni hivyohivyo, anasoma barua asiyojua kama ilifika."

"Kwa hiyo kimeharibika. Kitu cha kiwandani, si kosa la mtu."

Alikuwa ananifungulia mlango, maskini, na ulikuwa mpana.

"Hakikuharibika, Kaka. Nilikibebesha mara kumi ya uwezo wake. Imeandikwa kwenye karatasi, ukurasa wa pili. Sikuusoma."

Dada aliweka sufuria chini. Mwenyekiti alisimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kuandika.

"Mama yangu ameteleza kwenye maji," alisema. "Mkono umevimba. Nimemwambia mama yangu mzazi, mbele ya watu, kwamba akili zinamtoka. Kwa neno lako! 'Mitambo haisahau.' Wewe una nini kifuani, wewe?"

"Nipige, Kaka."

"Nikupige nini? Nikikupiga utajisikia vizuri!"

"Nyamazeni," alisema Shangazi.

Alikuwa amegeuza uso upande wangu, si kwangu hasa, kidogo kushoto, kwa kuwa nilikuwa sijakohoa.

"Jumatano," alisema. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Pale pale? Au ulikuja kugundua nyumbani?"

"Pale pale. Hata kabla hujaniuliza."

Nilingoja matusi. Anayajua, na yana ufundi. Hakutukana. Alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakirudisha.

"Siku nne," alisema. "Unajua nimefanya nini siku nne? Nimekaa hapa nikijiaga. Jina la mama yangu, nikajiuliza, nalikumbuka? Nikalitaja. Majina ya watoto wote, nikayataja. Nikasema, kesho nitataja tena, nione limebaki lipi. Maji ningekusamehe siku ileile, baba. Maji yanakauka."

Dada alikuwa analia waziwazi, hajifichi.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia Mwenyekiti, "rudisha godoro."

"Mama, tuzungumze kwanza. Hata kama mtambo..."

"Rudisha godoro. Na maboksi yatoke ukumbini, nataka kwenda jikoni. Tutazungumza nikiwa nimesimama."

Mwenyekiti alifunga daftari. Alitoka nje, nikamsikia akimwambia dereva washushe, na dereva akiuliza kama ile ni familia au sinema. Nami niliinama kushika boksi la kwanza.

"Wewe acha," alisema Shangazi. "Njoo hapa."

Nilikwenda nikachuchumaa mbele ya kiti. Aliutafuta uso wangu kwa kiganja, akanishika kidevu, kwa nguvu, kama alivyonishika nilipokuwa na miaka tisa na nimeiba.

"Visanduku kama hiki viko nyumba ngapi?"

"Tisa."

"Na huko vinafanya nini?"

"Kuna pampu tano. Friji tatu. Na geti moja la mota. Kwa mwalimu mstaafu."

"Mwenye wajukuu."

"Ndiyo."

"Geti likiambiwa simama, lisiposimama?"

Wale watoto huchezea pale pale kwenye reli ya geti. Mmoja aliwahi kunishikia tochi nilipokuwa nafunga. Tangu Jumatano nilikuwa nimelifikiria geti lile kila saa, na kila saa nilikuwa nimejiambia kesho.

"Ulipanga kwenda?"

"Nilipanga kubadilisha kimya kimya. Niseme ni matengenezo."

"Kimya kimya," alirudia. "Na huko kuna mwanamke gani anayeambiwa amesahau? Kuna msichana gani wa kazi anayefokewa kwa maji asiyoyamwaga? Utamtengenezea pampu, na jina lake utamwachia limevunjika?"

Vishindo vya godoro viliingia mlangoni, vikatupita, vikaelekea chumbani kwake. Hakuachia kidevu changu.

"Mimi sitaki machozi yako," alisema. "Nataka neno. Na lisiwe la moyoni, maana moyoni mwako nimeshakaa siku nne nikanyimwa chakula. Sema nilisikie, na huyu dada yako alisikie, na yule wa daftari."

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, anahema.

"Shangazi," nilisema, "naondoka sasa hivi kwenda kwa mwalimu kukata waya wa geti, nikitoka pale nakwenda nyumba zote nane zilizobaki, mlango kwa mlango, na kila mlango nitamwita kila mtu wa nyumba ile, mkubwa na mdogo, niseme mbele yao: kama kuna mtu mliyemlaumu humu ndani, hakukosea yeye, nilikosea mimi."